Kushusha Besi ya Nyuzi Nne: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Una besi ya nyuzi nne, unataka kwenda chini ya E, noti yake ya chini kabisa, na huna mpango wa kununua ya nyuzi tano. Inawezekana, na mara nyingi ni rahisi kuliko unavyodhani. Ila ujue mapema kwamba karibu kila tatizo utakalokutana nalo chanzo chake ni kimoja: uzi ukishuka, mkazo wake unapungua, na gitaa lako lilisetiwa kwa kutegemea mkazo ule wa mwanzo.

Besi ya kawaida inaanzia wapi, na kushusha ni kufanya nini hasa?

Ukihesabu kutoka uzi mnene (wa nne) kwenda mwembamba (wa kwanza), besi ya kawaida ni E, A, D, G. E ya chini inatikisika kwa hezi 41.2 (mitikisiko kwa sekunde), A 55, D 73.4 na G 98. Kushusha ni kulegeza uzi mmoja, au zote, ili zitoe noti za chini ya hapo.

Unaweza kushusha nyuzi zote kwa kiasi kilekile: nusu toni (E flati, A flati, D flati, G flati), toni nzima (D, G, C, F), au toni mbili (C, F, B flati, E flati). Unaweza kushusha uzi mnene peke yake hadi D na kuacha nyingine zilivyo. Huo ndio unaoitwa dropu D. Au unaweza kuvua nyuzi zote na kufunga seti nyingine inayoanzia B: B, E, A, D, kama besi ya nyuzi tano iliyonyimwa uzi wake mwembamba.

Kwa nini mtu ajisumbue?

Sababu ya kwanza ni mwimbaji. Wimbo ukimpanda juu mno, bendi nzima inashuka nusu toni au toni nzima, na kila mtu anabaki na vidole vyake palepale alipozoea. Sababu ya pili ni wapiga gitaa, hasa wa roki nzito, ambao wakishuka wanataka besi iwe chini yao. Ya tatu ni kupata noti ya chini ikiwa wazi, bila kukanyaga freti (vile vyuma vya shingoni), uiache ivume huku vidole vikifanya kazi nyingine juu.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki nzito ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana, na nyuzi zilizolegea zilimpunguzia kazi. Kufikia albamu ya bendi ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo zilikuwa zimeshuka toni moja na nusu, hadi C shapu, na Geezer Butler akamfuata kwenye besi. Roki nzito iliyokuja baadaye ilijifunza mengi hapo.

Wala si jambo la roki peke yake. Wapiga besi kubwa ya okestra nao E haiwatoshi: wengi wana kiongezo kichwani mwa ala kinachourefusha uzi wa E hadi ufike C.

Mimi ni mgeni wa mambo haya. Nianze na mpangilio gani?

Dropu D. Unagusa ufunguo mmoja tu, nyuzi zako ni zilezile, na usipoipenda unarudi ulikotoka kwa sekunde chache. Kama bendi yako tayari iko nusu toni chini, basi anza na hiyo, kwa sababu hutalazimika kujifunza chochote kipya kwa vidole. Kwenda C au B siku ya kwanza kwa nyuzi za kawaida ni kujitafutia kuvunjika moyo.

Naishushaje E hadi D bila tyuna (kifaa cha kupimia noti)?

Uzi wako wa pili ni D, oktava moja juu ya unayoitafuta, yaani noti ileile yenye hezi mara mbili. Gusa uzi wa nne kwa wepesi sawasawa juu ya chuma cha freti ya 12, bila kuukandamiza, uupige, kisha inua kidole. Inatoka hamoniki, noti nyembamba inayolia kama kengele. Piga na uzi wa pili wazi, uziache zilie pamoja. Sasa legeza uzi wa nne taratibu. Utasikia sauti mbili zikipigana, wau-wau-wau ya haraka. Kadiri unavyokaribia, mawimbi hayo yanapungua kasi mpaka yanatulia kabisa. Yakitulia, umefika: hamoniki hiyo na uzi wa pili zote ni hezi 73.4.

Ukipitiliza chini, ni vizuri zaidi. Kwa kweli pitiliza makusudi, halafu panda hadi kwenye noti. Uzi uliofikishwa kwa kulegezwa huacha ulegevu kidogo kwenye meno ya ufunguo na kwenye mfereji wa nati (kipande kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo), na ulegevu huo utautoka katikati ya wimbo.

Freti zangu zinahama vipi?

Ukishusha nyuzi zote sawasawa, hakuna kinachohama mkononi. Majina ya noti tu ndiyo yanayobadilika.

Kwenye dropu D, kila noti ya uzi wa nne inasogea freti mbili kuelekea mwili wa gitaa. G uliyozoea kuikuta freti ya 3 sasa iko ya 5, na A imetoka ya 5 ikaenda ya 7. Kinachowakoroga wengi si hilo, ni oktava. Umbo lile la kidole cha shahada uzi wa nne na kidole kingine freti mbili mbele kwenye uzi wa pili halifanyi kazi tena, kwa kuwa uzi wa nne na wa pili sasa ni D zote mbili: oktava iko freti ileile, moja kwa moja. Na ukilaza kidole kimoja juu ya uzi wa nne na wa tatu unapata noti na tano yake, yaani noti ya tano kwenye skeli yake. Ndiyo maana rifu (vipande vifupi vinavyorudiwa) nyingi za dropu D huenda kasi: kidole kimoja kinateleza juu na chini.

Kwenye B, E, A, D maumbo yote yanabaki, ila yamehamia uzi wa jirani. Utapiga E ukajikuta umepiga B kwa muda fulani. Hilo huisha lenyewe.

Nyuzi nilizonazo zitavumilia mpaka wapi?

Mkazo wa uzi unafuata mraba wa marudio yake, yaani hezi zake. Kwa hiyo haushuki kidogo kidogo kama sikio linavyodhani. Ukishuka nusu toni, unapoteza kama asilimia 11 ya mkazo. Toni nzima, asilimia 21. Toni mbili, 37. Kutoka E hadi B, 44, yaani karibu nusu.

Nusu toni wengi hawaihisi mkononi. Toni nzima inahisika, lakini seti ya kawaida, ile ya inchi .045 hadi .105, bado inapigika ukiwa na mkono mwepesi. Chini ya hapo uzi mnene unaanza kupepea: unagonga freti, noti inaanza ikiwa juu halafu inashuka mahali pake, na ukibonyeza kwa nguvu inapanda tena.

Tiba ni uzi mnene zaidi. Hesabu ya haraka: ili mkazo ubaki palepale, unene uongezeke kwa kiwango kilekile ambacho marudio yamepungua. Uzi wa .105 uliokuwa E, ukiutaka uwe D kwa mkazo uleule, unahitaji kama .118, kwa C shapu, .125; kwa C, kama .132; kwa B, .140. Hakuna anayekulazimisha kufika huko. Seti nyingi za nyuzi tano huweka B ya .130, ambayo ina mkazo pungufu kidogo kuliko E ya .105 iliyo pembeni yake, na watu wanaishi nayo. Lakini kama una mkono mzito, utashukuru kwa .135.

Kwa toni nzima au toni moja na nusu, maoni yangu ni seti ya .050 hadi .110 au .115. Nyuzi bapa zilizosuguliwa nazo mara nyingi huja na mkazo mkubwa kuliko za mizunguko za unene uleule, ila zinaua ule mng'aro wa juu, na chini ya D mng'aro ndio unaosaidia noti isikike.

Nifunge vipi B, E, A, D?

Nunua seti ya nyuzi tano, uache ule mwembamba kwenye pakiti. Kabla ya kununua, angalia mambo mawili: urefu wa uzi ulingane na gitaa lako, na uzi wa .130 upite kwenye tundu la briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Kwenye ufunguo, uzi mnene hauhitaji mizunguko mingi; miwili inatosha. Kata baada ya kuukunja pembe kali kwenye nguzo, si kabla, maana uzi uliokatwa bila kukunjwa huweza kulegea msokoto wake wa nje, na uzi wa namna hiyo hautalia sawasawa tena.

Nati inahitaji kuchongwa?

Kwa dropu D na seti nene kidogo, mara nyingi hapana. Kwa .130, karibu kila mara ndiyo. Mfereji wa nati uliochongwa kwa .105 utaubana uzi ukae juu, hivyo noti za freti ya 1 na ya 2 zitapanda, na uzi utakuwa unakwama wakati wa kutyuni kisha unaruka kwa ghafla ukitoa mlio wa "tink". Panua mfereji kwa tupa ya saizi ya uzi, upana kwanza. Usiongeze kina mpaka uwe umeona kwamba kweli uzi uko juu. Ukienda chini sana unanunua nati nyingine. Kama gitaa ni la thamani au la mtu, mpelekee fundi.

Baada ya kushusha, nyuzi zinagonga freti kila mahali. Gitaa limeharibika?

Halijaharibika. Shingo ya besi inavutwa mbele na nyuzi na kurudishwa nyuma na chuma kilichomo ndani yake, trasi rodi. Nyuzi nne za kawaida zikikazwa pamoja zinavuta kwa zaidi ya kilo 70. Ukipunguza mvuto huo, chuma kinashinda, shingo inanyooka au inapinda kinyumenyume, na nyuzi zinalala juu ya freti.

Pima hivi, gitaa likiwa limetyuniwa kwenye mpangilio mpya na likiwa katika mkao wa kupigwa. Funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1. Bonyeza uzi wa nne kwenye freti ya mwisho kwa mkono mmoja. Kwa kidole cha mkono mwingine gonga uzi kwa juu kwenye freti ya 7 au ya 8. Ukisikia "tik" ndogo na kuona uzi ukishuka kidogo kabla ya kugusa chuma, kuna nafasi. Milimita 0.25 hadi 0.35 ni mahali pazuri pa kuanzia, kama unene wa kadi ya biashara. Kama uzi tayari umelala juu ya freti na hakuna "tik" yoyote, shingo imenyooka mno.

Hapo unalegeza rodi: alenki (ufunguo wa pembe sita) inayokaa sawasawa, kinyume cha mishale ya saa, robo mzunguko au chini ya hapo. Tyuni tena, pima tena. Ukihitaji robo ya pili, subiri kwanza, ikiwezekana hadi kesho yake, kwa sababu mbao hazitii papo hapo. Rodi ikikataa kuzunguka, usiishindanie.

Zingatia mgongano unatokea wapi. Ukiwa freti za mwanzo, 1 hadi 5, lawama ni ya mnyooko wa shingo. Ukiwa freti za juu, kuanzia 12 hivi, inua kikalio cha uzi pale kwenye briji. Milimita 2.5 chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12 ni wastani mzuri kwa mpangilio wa chini. Wapigaji wenye nguvu huenda hadi 3. Na mgongano mdogo usiosikika kwenye spika, mimi huuacha. Besi nyingi zilizorekodiwa zinagonga freti ukisikiliza kwa makini.

Uzi wazi uko sawa, lakini nikipanda juu noti zinatoka nje. Kwa nini?

Urefu wa uzi kwenye briji haulingani tena na unene na mkazo wake. Linganisha hamoniki ya freti ya 12 na noti iliyobonyezwa freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, uzi urefuke. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu ili usiharibu meno yake. Nyuzi ziwe mpya, maana uzi mchakavu hausetiki. Na kuna besi ambazo kikalio cha uzi mnene hufika mwisho wa briji kabla noti haijakaa sawa. Ukifika hapo, kubali tofauti ndogo, kwani kwenye uzi huo huendi freti ya 15 mara nyingi.

Tyuna yangu inaruka-ruka, haisomi B wala C.

Iko kazini, ila B ya hezi 30.9 ni ngumu kuisoma, kwa kuwa sauti nyingi ya uzi huo iko kwenye oktava zake za juu. Punguza kitufe cha toni kwenye gitaa, tumia pikapu ya karibu na shingo, na piga hamoniki ya freti ya 12 badala ya uzi wazi. Piga kwa utulivu: uzi uliolegea ukichapwa hupanda kwanza, na tyuna inasoma ule mpando. Kisha hakikisha tyuna ni ya kromatiki. Zile zinazojua E, A, D, G pekee zitakuchanganya.

Jambo jingine: ukimaliza uzi wa nne, ule ulioanza nao utakuwa umeshahama. Ukilegeza nyuzi, shingo inarudi nyuma na zile ulizotangulia kuzishusha zinapanda kidogo. Pita mara mbili au tatu.

Nimeshusha, na sasa mlio umekuwa matope. Nifanye nini?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na wengi wao hufanya kinyume cha kinachotakiwa: wanaongeza besi kwenye ampu. Spika nyingi ndogo hazitoi hezi 31 wala 37 kwa nguvu yoyote ya maana. Unayoisikia ukipiga B ni hasa hezi 62, 93 na zinazofuata, na ubongo unaijazia ile ya chini yenyewe. Kwa hiyo ili noti ya chini isikike kuwa ya chini, zipe nguvu hizo za juu yake.

Kata kila kilicho chini ya hezi 30 kama una kichujio cha kupitisha juu. Punguza kidogo eneo la 200 hadi 300, ambako ndiko matope hukaa. Ongeza kati ya 700 na 1,000, ambako kidole na chuma husikika. Distosheni (mkwaruzo wa sauti) kidogo sana husaidia kuliko watu wanavyotegemea, kwa sababu inaongeza zile hamoniki ambazo spika inaweza kuzitoa. Kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti) inatuliza tofauti kati ya uzi uliolegea na ulio imara.

Halafu kuna mkono. Sogea kupiga karibu na briji. Uzi pale ni mgumu na haupepei. Piga kwa wepesi, uachie ampu kazi ya kelele. Mpigaji mmoja kwa gitaa lilelile anaweza kutoa C safi na mwingine akatoa mngurumo tu, bila kitufe chochote kuguswa. Zima pia nyuzi usizozipiga, kwani zilizolegea huitika kwa urahisi.

Spika itapasuka?

Kushuka peke yake hakupasui spika. Kuongeza besi hadi mwisho na sauti hadi mwisho, huku koni ikienda mbele na nyuma kupita uwezo wake, ndiko kunakopasua. Ukisikia "plap" au mlio wa kukwaruza kila unapopiga uzi wazi, punguza mara moja.

Gitaa za wenzangu zimeshuka. Lazima nami nishuke?

Si lazima. Gitaa likiwa nusu toni chini, besi ya kawaida inazipata noti zote isipokuwa E flati moja ya chini kabisa. Swali ni kama nyimbo zenu zinaikalia noti hiyo. Gitaa likiwa dropu C, C yake ya chini ni hezi 65.4, na hiyo ni noti ileile unayoipata uzi wa A freti ya 3. Unaweza kuipiga, itakuwa sahihi, lakini mtakuwa mmesimama mahali pamoja na chini yenu pako wazi. Wakati mwingine hilo ni zuri, hasa ngoma ya mguu ikiwa nzito. Nyimbo zote zikiwa hivyo, shuka.

Besi fupi inafaa?

Kwa shida. Besi ya inchi 30 (urefu wa uzi kutoka nati hadi briji) ikiwa E, A, D, G ina mkazo pungufu kwa asilimia 22 kuliko ya inchi 34 yenye nyuzi hizohizo. Yaani imeanzia pale ambapo ndefu hufika ikishushwa toni nzima. Dropu D kwa nyuzi nene, sawa. B, sishauri. Ya inchi 35 inakuongezea asilimia 6.

Naweza kushusha na kupandisha kati ya nyimbo?

Uzi mmoja, E kwenda D na kurudi, ndiyo. Kuna hata ufunguo maalumu wenye mkono wa kubonyeza, kama Xtender wa Hipshot, unaoshusha na kurudisha kwa mwendo mmoja. Nyuzi zote nne jukwaani, hapana: shingo itahama na hutakuwa sawa kwa wimbo wowote. Beba besi ya pili, au panga nyimbo za mpangilio mmoja zifuatane.

Si bora ninunue ya nyuzi tano tu?

Ukihitaji B na bado unaitumia G ya juu, ndiyo. Ukihitaji D au C tu, au huendi kabisa kwenye uzi mwembamba, nne zinatosha, na shingo nyembamba ina raha yake.

Nikitaka kurudi kawaida?

Kama hukubadili nyuzi wala rodi, kaza tu hadi E, A, D, G. Kama ulilegeza rodi, rudisha nyuzi za kawaida kwanza, tyuni, kisha kaza rodi kidogo kidogo ukipima kama mwanzo. Nati iliyopanuliwa kwa .130 itauacha uzi wa .105 ukitetemeka kwenye mfereji mpana, na dawa ya hapo ni nati mpya. Usijaribu kuupandisha uzi wa .130 hadi E ili kukwepa gharama ya seti: mkazo wake utakuwa karibu mara 1.8 ya ule wa B, na kitakachoachia kwanza huenda kisiwe uzi.